Kodiani ya besi 120 au ya besi 72 kwa taarab? Jibu kwa aliyeuliza kutoka Tanga

"Shikamoo fundi. Mimi ni msichana wa miaka 26, niko Tanga, napiga kinanda tangu nikiwa shule. Sasa nimeingia kwenye kikundi chetu kidogo cha taarab asilia, tuko wanane ukinihesabu na mimi, tuna fidla mbili, udi, dumbaki, rika (ile tari ndogo) na waimbaji wawili. Mpiga besi hatuna. Wenzangu wameniomba nishike kodiani. Shemeji yangu anaishi Ujerumani, amepata kodiani mbili za mtumba na bei zinakaribiana, moja ina besi 120, funguo 41 na rejista 11 upande wa kulia, nyingine ina besi 72, funguo 34 na rejista 5. Wote wananiambia chukua ya 120 maana besi yake ni nzito, itaziba pengo la besi, na rejista 11 ni sauti 11. Mimi mwili wangu mdogo, kilo 50 tu, uzito naogopa, ila naogopa zaidi kuchukua kitu ambacho baada ya mwaka nitakiona kidogo. Nichukue ipi?"

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili yamefungwa pamoja, moja la besi ya kikundi na moja la kifaa cha kukufaa wewe, na ukiyaacha yamefungwa hivyo utajibiwa vibaya na kila mtu. Wenzako wanakutakia mema, hilo halina shaka, lakini kuna mahali pawili wamepotea na ni palepale ambapo nimeona watu wengi wakipotezea pesa zao, kwa hiyo nianze hapo.

Hii ya kwanza, kwamba 120 ina besi nzito kuliko 72. Namba 120 ni idadi ya vibatani, si idadi ya sauti. Shika kodiani yoyote ya namna hii, peleka vidole vya mkono wa kushoto kwenye vibatani bila kuangalia, utakuta kimoja kina kishimo au kijiwe katikati, hicho ndicho C. Ukipanda kuelekea kidevuni kinachofuata ni G, halafu D, halafu A, ukishuka chini ni F, halafu B flati, halafu E flati, yani kila hatua unaruka noti tano za skeli. Sasa kila jina kati ya hayo lina mstari wake wa mshazari wenye vibatani sita: wa kwanza karibu na mivukuto (ile sehemu ya katikati inayokunjuka na kupuliza hewa) ni besi ya tatu (kwa C ni E), wa pili ndio besi yenyewe, halafu kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya meja, ya maina, ya seveni na ya diminishi. Mistari 20 mara 6 ndiyo 120. Mistari 12 mara 6 ndiyo 72. Na muziki una noti 12 tu mwanangu, ukishazimaliza unarudi ulikotoka, kwa hiyo ile mistari 8 ya ziada kwenye 120 ni majina yaleyale yamerudiwa huku na huku pembeni. Hakuna noti hata moja ya besi iliyopo kwenye 120 ambayo kwenye 72 haipo.

Utaniuliza sasa walirudia ya nini. Walirudia kwa ajili ya vidole. Kwenye 72 mistari kwa kawaida inaanzia D flati inaishia F shapu, ukipiga wimbo wa C au G au D kila unachokihitaji kiko jirani, lakini ukipiga wimbo wa F shapu jirani yake wa juu ambaye ni C shapu hayupo hapo, yuko mwisho kabisa upande wa pili kwa jina la D flati, inabidi mkono uruke safari nzima. Mwenye 120 haruki, mkono unatembea vilevile kwenye kii zote. Ni faida ya kweli kabisa kwa mtu anayepiga mambo ya kizungu yanayohamahama kii. Wewe kwenye maqamu, yani skeli za taarab, kama rasti ya C, bayati ya D, hijazi ya D, nahawandi ya C, huko pembeni hufiki.

Uzito wa besi unatoka pengine. Ukibonyeza kibatani kimoja cha besi hakilii kitu kimoja, ndani zinafunguka ndimi (vipande vyembamba vya chuma vinavyolia hewa ikipita) nne au tano kwa pamoja, ni C ileile lakini kwa oktavu tofauti, nzito chini na nyembamba juu. Kodiani kubwa nyingi zina seti tano kushoto, za kati nyingi zina nne, na sanduku la kubwa ni pana zaidi, kwa hiyo wenzako wana ukweli kidogo, mara nyingi 120 inanguruma zaidi. Ila sababu ni seti za ndimi na ukubwa wa sanduku, vibatani havihusiki. Nishashika 72 ya seti tano iliyokuwa inatikisa meza na nishashika 120 ya bei rahisi ambayo besi yake ilikuwa kama mtu anapiga mluzi. Kwa hiyo muulize shemeji swali hili hasa, kila moja ina seti ngapi kushoto, na kama tangazo halisemi basi abonyeze besi moja taratibu akurekodie.

Na kuna jambo la besi za kodiani ambalo wapiga kinanda wengi linawashtua. Kwenye kinanda ukitaka kupanda unapanda, kwenye besi hizi oktavu huchagui. Ukipiga C D E F G A B kwa mpangilio utasikia zinapanda vizuri halafu mahali fulani sauti inaanguka chini ghafla na kuanza tena, na mahali penyewe panategemea kiwanda. Si ubovu, ndivyo zilivyojengwa. Usije ukairudisha kodiani nzima kwa ajili hiyo.

Sasa kuziba pengo la mpiga besi. Hapa niseme ukweli hata kama hautapendeza: kodiani yoyote, iwe 72 iwe 120, haiwezi kufanya kazi ya besi la kusimama. Besi la nyuzi linadonolewa, noti inazaliwa na kufa, ndiyo inayowashika dumbaki na rika pamoja. Kodiani ina pumzi moja tu, mivukuto ileile inayolisha mkono wa kulia ndiyo inalisha wa kushoto, ukikaza pumzi kwa ajili ya kipande cha sauti na besi nayo inakaza, ukilegeza vyote vinalegea. Angalia vikundi vikubwa vya Unguja, Nadi Ikhwan Safaa ambayo ipo tangu 1905, au Culture Musical Club, huko besi la kusimama lipo na sello wakati mwingine ipo, ndiyo maana mpiga kodiani mkono wake wa kushoto kazi yake kubwa ni kuvuta na kusukuma, muziki uko kulia pamoja na fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi). Kodiani kwenye taarab ni mwimbaji, inafuata ghani na kuijibu.

Kwenu ninyi wanane utaweza kusaidia, na nakushauri usaidie hivi: tumia ile safu ya besi zenyewe na ile ya besi ya tatu tu, gusa kwa ufupi kama unagusa pasi ya moto, kibatani kikibonyea kiachie palepale. Kodi achana nazo kwanza. Ukishikilia kodi ya meja ya C wakati mpiga udi anapiga rasti, kodi yako ina E kamili na yeye E yake iko katikati ya E na E flati, hapo mnagombana mbele za watu na kila aliyekaa ukumbini anasikia kuna kitu kinauma ingawa hatajua ni nini. Na kama kikundi kina pesa kidogo baadaye, tafuteni besi gitaa. Hapo kwenu Tanga si jambo geni hata kidogo, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilishaweka magitaa na besi gitaa kwenye taarab zamani na ikawa ndiyo ladha ya Tanga yenyewe.

Turudi kulia kwenye rejista, hapa ndipo pa pili walipopotea. Rejista ni swichi, haina sauti yake, inachofanya ni kufungua na kufunga njia ya hewa kwenda kwenye seti za ndimi zilizomo ndani. Kwa hiyo usihesabu swichi, hesabu seti. Kodiani yenye seti nne kwa mpangilio ulio wa kawaida ina basuni ambayo ni oktavu ya chini, klarineti mbili za kati, na pikolo ya juu. Basuni ipo au haipo, pikolo ipo au haipo, klarineti hakuna, moja au mbili: mbili mara mbili mara tatu ni 12, toa ile ambayo yote imefungwa, unabaki na 11. Ndiyo hizo 11 zako. Ya seti tatu, basuni moja na klarineti mbili, ukiipigia hesabu hiyohiyo unapata 5, ndiyo hizo 5 za ile ndogo. Umeona? Tofauti ya kodiani hizi mbili upande wa kulia ni seti moja tu, pikolo, na zile swichi sita za ziada zote ni pikolo, ikiwa peke yake au ikichanganywa na wenzake. Kwenye swichi utaona duara lenye nukta, nukta ya chini ni basuni, za katikati ni klarineti, ya juu ni pikolo, kwa hiyo hata picha ya simu inatosha kukwambia kilichomo. Muhimu uangalie, maana nyingine zina seti nne lakini ya nne si pikolo ni klarineti ya tatu, na nyingine zina swichi mbili zinazofanya kazi ileile.

Pikolo kwenye taarab sijaiona kazi yake kubwa. Inapasua, inakaa juu ya sauti ya mwimbaji wa kike na kumfunika. Mimi kwenye taarab naishi kwenye rejista tatu, klarineti peke yake, basuni na klarineti pamoja, na klarineti mbili. Zote tatu ndogo inazo.

Kitu cha kukusumbua akili zaidi ya idadi ya rejista ni mtetemo wa zile klarineti mbili, na sijaona mtu hata mmoja akiuliza hilo wakati wa kununua. Hizo mbili hazityuniwi sawasawa makusudi. Chukua A: moja inalia hezi 440, yani inatikisika mara 440 kwa sekunde, nyingine ikiwa 442 utasikia wimbi taratibu mara mbili kwa sekunde, ikiwa 444 wimbi linakuwa mara nne, tayari ni kama senti 16 ambapo nusu toni nzima ni senti 100. Wafaransa kwenye museti, mtindo wao wa kodiani, wanapita hata senti 20. Inavutia dukani, ukiwa peke yako inajaza chumba, lakini fidla zako mbili zitakuwa zinatafuta noti iko wapi ndani ya huo mtetemo na hazitaipata, kila mmoja atashika ukingo wake. Kwa taarab tafuta mtetemo mdogo, wimbi mbili kwa sekunde pale kwenye A ya kati, likifika tatu si mbaya. Shemeji abonyeze A hiyo kwenye rejista ya nukta mbili za katikati, aishikilie sekunde tano, wewe hesabu.

Akishamaliza hapo abonyeze A hiyohiyo kwa klarineti moja na programu ya kutyuni iwe wazi kwenye simu nyingine. Kodiani nyingi za Ulaya zimetyuniwa 442 badala ya 440. Si tatizo, ila kodiani haityuniwi ukumbini, kwa hiyo kuanzia siku hiyo udi na fidla ndio watakaokufuata wewe. Waambie mapema.

Kuhusu robo toni, maana najua itakujia. Hijazi na nahawandi utazipiga bila shida yoyote. Rasti na bayati zina ile E ya katikati, na rasti ina B yake pia, na kodiani ya kawaida hiyo noti haina. Misri mafundi walifika mpaka kuzityuni upya ndimi ili kodiani itoe robo toni na ndiyo unayoisikia kwenye muziki wao, lakini ukishafanya hivyo kifaa kinafungwa, nyimbo nyingine zinakushinda, na kazi yenyewe inataka fundi anayeijua maqamu kwa sikio. Nakushauri usianze na hilo. Anza na adabu ya kunyamaza: ikifika hiyo noti wewe inua kidole, mwachie fidla aipite, wewe ingia noti inayofuata kwa klarineti moja. Msikilizaji hajui kama hukuipiga, anasikia fidla ameipiga vizuri.

Funguo 34 na 41: unazopoteza ni saba, mbili chini na tano juu kabisa. Ile ya 34 inaanzia G inaishia E. Zile za juu kwenye taarab huzifiki, na za chini ukiweka basuni kila kitu kinashuka oktavu nzima, kwa hiyo chini unakwenda kuliko unavyodhani. Wewe uliyetoka kwenye kinanda utaona ufinyu wiki ya kwanza, halafu utasahau.

Uzito sasa, na hapa nakusemesha kama mtu aliyeumia. Kodiani ya 120 yenye seti nne ni kilo 10 mpaka 12, ya 72 ni kama kilo 7 au 8. Kodiani yangu ya kwanza ya kwangu mwenyewe ilikuwa 120, niliinunua kwa sababu zilezile unazoambiwa wewe, nikaipiga miaka minne kwenye maharusi, saa tatu usiku mpaka alfajiri, na mwaka wa nne vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa vinakufa ganzi nikiivua. Nilikaa miezi miwili bila kupiga. Taarab tunapiga tumekaa, hiyo inapunguza mzigo mabegani, lakini uzito haubaki pajani tu, kila noti unalisukuma na kulivuta lile sanduku la kushoto kwa mkono mmoja, na sanduku zito linakunyima zile noti ndefu nyororo ambazo ndizo taarab yenyewe. Kwa kilo 50 zako, 120 utaipiga, sisemi hutaweza, ila nusu ya nguvu zako zitakwenda kwenye kuibeba badala ya kuipiga. Na yoyote utakayoichukua, ukisikia ganzi au maumivu yanayoshuka kwenye mkono, usiyazoee, nenda hospitali ukaonekane mapema.

Kwa hiyo mimi ningechukua 72, na sisemi kwa sababu ni ya mwanafunzi, hata baada ya miaka kumi ya taarab hutaikuta imeisha. Ningekwambia 120 kama ungekuwa unataka kupiga peke yako hotelini nyimbo za kila aina kwa kii yoyote atakayotaka mwimbaji, au kusoma muziki wa kizungu wa kodiani ulioandikwa kwa besi 120. Na shemeji akiona ya besi 96 yenye funguo 37 kwa bei hizo, aipige picha, hiyo ni njia ya kati nzuri sana.

Lakini yote haya yanavunjika kama 72 yenyewe ni mbovu, kodiani nzima ya 120 ni bora kuliko 72 iliyooza, kwa hiyo kabla hajatoa hela afanye haya akiwa kwenye video na wewe. Afungue mikanda ya mivukuto, ashike upande wa funguo juu, aache upande wa besi uning'inie bila kubonyeza chochote. Ikianguka wazi kwa haraka inavuja. Halafu aweke klarineti moja, apite funguo zote 34 moja moja, akivuta na akisukuma, kwa sababu kila noti ina ulimi mmoja wa kuvuta na mwingine wa kusukuma na mmoja unaweza kuwa umekufa mwingine mzima. Arudie kwa basuni. Apite besi zote, aangalie kama kuna kibatani kimezama. Mwisho anuse ndani ya mivukuto, harufu ya uvundo maana yake ilikaa stoo yenye unyevu na ndimi zitakuwa na kutu. Hesabu yake ni hii: 34 mara seti 3 mara 2 ni ndimi 204, ile kubwa ni 328, zote upande wa kulia tu, na fundi anazishughulikia moja moja. Ubovu wa kubwa ni ghali zaidi.

Ikifika Tanga, adui yako ni joto na chumvi ya bahari. Ndimi ni chuma, zimepangwa kwenye vibati na kushikizwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Kodiani ikiachwa kwenye gari juani mchana mmoja, nta inalainika, vibati vinahama, na unaikuta inalia kama paka. Isikae chini ya dirisha wala sehemu inayopata upepo wa baharini usiku kucha, ikae ndani ya sanduku lake ikiwa imesimama kwa miguu yake, weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishe kila vikishiba. Na ipige kila siku hata dakika kumi, hewa ikipita kutu inachelewa.

Noti ikianza kukwama unaweza kufungua na kupuliza vumbi kwa brashi laini, hapo mwisho wako. Ulimi usiukune kwa wembe wala msasa ati unautyuni, ukishakuna chuma hakirudi, nimeletewa kodiani nzuri zimeuawa hivyo na mtu mwenye nia njema. Hapo ni fundi, uso kwa uso, na kama Tanga hayupo basi panda boti uje Unguja, uliza pale Mji Mkongwe kwenye chuo cha Dhow Countries Music Academy wanaofundisha kodiani, walimu wanawajua mafundi. Ukija kwa ajili hiyo kaa hata siku tatu ukae na mwalimu akuangalie mkono wa kushoto unavyovuta, maana hilo kwa maandishi siwezi kukuonyesha.

Shemeji akishapiga ile A ya sekunde tano nitumie klipu na picha ya zile swichi kwa karibu, ya 72 na ya 120 zote mbili, nizisikilize kabla hajalipa.